MaikroRNA, RNA ndefu au RNA duara: ipi ya kupima kwa mgonjwa wa MS ukiwa Moshi au Arusha

Anayepanga kupima RNA zisizotunga protini kwa wagonjwa wa maltipo sklerosisi, yaani MS, mara nyingi huanza na orodha ya molekuli alizozisoma. Heri aanze na chupa ya damu. Molekuli utakayoichagua ndiyo itakayoamua chupa, chupa itaamua muda, na muda ndio unaopungua kati ya wodi na maabara. Ulinganisho huu ni kwa watu wa maabara, madaktari na wanafunzi wa uzamili walioko KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, katika hospitali za Arusha au Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru: watu wenye mashine ya PCR inayosoma mwanga kila mzunguko, friza ya nyuzi −80, na bajeti ya tasnifu moja.

Pendekezo letu tulitaje mapema ili msomaji alipime anapoendelea. Anza na maikroRNA chache, nne hivi, kwenye plazima. RNA duara ni chaguo zuri la pili kama unaweza kununua chupa zinazohifadhi RNA ya damu nzima. RNA ndefu ziache mpaka maabara yako iwe na mazoea ya kutenga seli hai kila siku kwa namna ileile.

Kila moja ni kitu gani, na katika MS inahusikaje

Katika MS kinga ya mwili hushambulia myelini, tabaka linalozifunika nyuzi za mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Seli za kinga zinazoshambulia, seli mlaji zinazobeba mabaki, na oligodendrosaiti zinazojaribu kufunga myelini mpya, zote huongozwa kwa sehemu na RNA ambazo hazitafsiriwi kuwa protini. Tatu ndizo zinazopimwa sana.

MaikroRNA ni kipande cha nukleotidi 22 hivi. Hubebwa na protini iitwayo Agonauti, kisha huzitafuta mRNA, yaani RNA zinazobeba maelezo ya kutunga protini, zenye mfuatano unaoshikana nayo na kuzizima. Ya kwanza, lin-4, ilielezwa mwaka 1993 kwenye mnyoo mdogo na makundi ya Victor Ambros na Gary Ruvkun, ambao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Kwa MS, ushahidi wa maikroRNA ni mzito kuliko wa zile nyingine mbili, kwa kuwa umetoka kwenye tishu za ubongo, kwa panya wa maabara na kwenye majimaji ya mwili. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba miR-155, miR-34a na miR-326 zimepanda kwenye makovu ya ubongo ambayo bado yanawaka, na kwamba zote tatu hushusha CD47, protini inayoizuia seli mlaji isile jirani yake. CD47 ikishuka, seli mlaji hizo, yaani makrofeji, hupata njia ya kula myelini. Mwaka huohuo kundi la China lilionyesha miR-326 ikizisukuma limfosaiti kuwa Th17, seli za kinga zinazochochea shambulio, kwa kuizima protini ya Ets-1. Panya wasio na miR-155 hupata ugonjwa hafifu zaidi pale wengine wanapougua EAE, ugonjwa wa kutengenezwa unaofanana na MS. Upande wa ukarabati kuna miR-219: oligodendrosaiti changa huihitaji ili zikomae, na mwaka 2017 ilichapishwa kwamba kukosekana kwake kwenye maji ya uti wa mgongo kunaambatana na MS.

RNA ndefu ni yoyote isiyotunga protini yenye nukleotidi zaidi ya 200, ingawa siku hizi wapo wanaotaka mpaka uwe 500. Kundi hili lina mchanganyiko mkubwa mno. Nyingine huelekeza vimeng'enya kwenye kromatini, nyingine hushikilia protini, nyingine hunyonya maikroRNA. Katika taarifa za MS utakutana na MALAT1, NEAT1, TUG1, PVT1 na GAS5. Iliyofafanuliwa vizuri ni GAS5, ambayo huzizuia maikroglia, seli za kinga za ubongo, zisigeuke upande wa kutuliza na kukarabati. Kwa zilizobaki, utafiti mmoja husema imepanda na mwingine husema imeshuka, na sababu kubwa tutaiona hapa chini: seli zilizopimwa hazikuwa zilezile.

RNA duara huzaliwa pale mwisho wa eksoni unapounganishwa nyuma na mwanzo wake, ikabaki pete isiyo na ncha. Vimeng'enya vinavyoila RNA kuanzia ncha havina pa kushika, ndiyo maana pete hizi hudumu ndani ya seli saa 48 na zaidi wakati mRNA nyingi zimeshatoweka. Mojawapo, iitwayo CDR1as, ina sehemu zaidi ya 60 za kushika miR-7. Kwa MS, kundi la Hispania lilichapisha mwaka 2017 kwamba pete mbili zinazotoka kwenye jeni la ANXA2, hsa_circ_0005402 na hsa_circ_0035560, zimepungua kwenye seli nyeupe za wagonjwa. Ushahidi bado ni mchache, lakini kwa mtafiti mchanga hiyo ni nafasi: kupima tena pete hizo mbili kwa Waafrika Mashariki ni kazi yenye thamani hata kama jibu litakuwa "hapana tofauti".

Chupa, muda na barabara

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, kwa hiyo tutakaa kidogo.

MaikroRNA za plazima huvumilia kwa sababu zimeshikwa na Agonauti au zimefungwa ndani ya vifuko vya mafuta. Hata hivyo zina adui mmoja mkubwa, nayo ni hemolisisi. Chembe nyekundu za damu zimejaa miR-451a, miR-16, miR-486-5p na miR-92a-3p. Chembe chache zikipasuka, namba hizo hupanda mara nyingi kuliko ugonjwa wowote unavyoweza kuzipandisha. Ukikuta miR-16 au miR-92a "imepanda kwa wagonjwa", kwanza uliza nani aliwatoa damu wagonjwa na nani aliwatoa wale wenye afya. Mgonjwa wa wodini mwenye mishipa iliyochoka hutolewa damu kwa sindano nyembamba na kwa shida. Mtu mwenye afya anayejitolea hutolewa kwa urahisi. Tofauti hiyo peke yake inatosha kuzaa matokeo ya uongo.

Utaratibu unaofaa ni huu. Tumia sindano ya geji 21, na kamba ya mkono isizidi dakika moja. Chupa iwe ya EDTA, kifuniko cha zambarau. Ile ya kijani yenye heparini iache kabisa, kwani heparini hufuatana na RNA mpaka mwisho na kukwamisha PCR. Geuza chupa polepole mara 8 hadi 10, usiitikise. Iache kwenye joto la chumba, usiiweke juu ya barafu, na izungushwe ndani ya saa 2. Mzunguko wa kwanza ni 2,000 g kwa dakika 10, breki ikiwa laini. Vitabu vya utaratibu vikiandika g, usisome kana kwamba ni mizunguko kwa dakika: kwa rota yenye nusu kipenyo cha sentimita 16, 2,000 g ni karibu mizunguko 3,340. Nyonya plazima ukiacha nusu sentimita juu ya tabaka jeupe. Tamaa ya kupata mikrolita 200 za ziada hapo ndiyo huingiza chembe sahani na seli nyeupe. Zungusha tena plazima hiyo kwa 10,000 g dakika 10, kisha igawe kwenye vichupa vya mikrolita 250 na uigandishe nyuzi −80. Kichupa kikishayeyushwa kitumike, kisirudi kwenye friza.

Sasa weka saa 2 hizo juu ya ramani. Kutoka Arusha mjini mpaka Moshi ni kilomita 80 hivi, na ukijumlisha foleni, vituo vya ukaguzi na kusubiri gari lijaze abiria, muda umekwisha kabla hujafika Boma Ng'ombe. Zaidi ya hapo, damu nzima inayorushwarushwa ndani ya Coaster huvunjika. Kwa hiyo mgonjwa akiwa Arusha, plazima itenganishwe Arusha. Sentrifuji ndogo ya mezani iliyoko hospitali ya huko ina faida kuliko mashine ya kifahari iliyoko mbali. Kama haipatikani yenye kasi ya 10,000 g, fanya mzunguko wa kwanza huko, safirisha plazima ikiwa kwenye barafu, na mzunguko wa pili ufanyike siku hiyohiyo kabla ya kugandisha. Utaratibu ukishauchagua, uwe huohuo kwa wagonjwa wote na wa kulinganishwa wote. Plazima iliyogandishwa na chembe sahani ndani yake hairekebishiki: zikipasuka kwenye friza zinamwaga miR-223 na wenzake, na mzunguko wa baadaye hautaziondoa.

Kuhusu seramu dhidi ya plazima: seramu hupatikana kila mahali, lakini damu inapoganda chembe sahani hutoa maikroRNA zake. Inawezekana kutumia seramu kama muda wa kuganda ni uleule kwa wote, tuseme dakika 45. Kisichowezekana ni kuchanganya seramu za zamani kutoka friza ya hospitali na plazima mpya katika jedwali moja.

RNA ndefu zina masharti magumu zaidi. Nyingi hukaa ndani ya kiini, kwa hiyo unahitaji seli. Njia ya kawaida ni kutenga limfosaiti na monosaiti kwa Ficoll, kimiminika kizito kinachotenganisha seli kwa uzito wake: 400 g, dakika 30, bila breki, kwenye nyuzi 18 hadi 20. Mwezi wa pili Moshi, chumba kisicho na kiyoyozi kinapita nyuzi 30. Mchanganyiko wa Ficoll hupungua uzito, na limfosaiti zako zinazama badala ya kuelea. Mililita moja ya damu hutoa seli milioni moja hivi, hivyo chupa ya mililita 8 inatosha kwa RNA lakini haiachi akiba. Tatizo lingine ni kwamba seli hai zinaendelea kuishi: kila saa zinapokaa kwenye chupa zinabadilisha RNA zao kwa sababu ya msukosuko, si kwa sababu ya MS. Damu ya saa 1 na damu ya saa 5 ni sampuli mbili tofauti hata kama zimetoka kwenye mkono mmoja.

RNA duara zinakaa katikati. Zinatoka kwenye seli pia, ila uimara wake unazisaidia. Zinapatikana kwa wingi kwenye damu nzima, kwa hiyo huhitaji Ficoll. Unachohitaji ni chupa maalumu yenye kemikali inayopasua seli na kusimamisha kila kitu papo hapo: mililita 2.5 za damu ndani ya mililita 6.9 za kihifadhi. Chupa hizo ni ghali na huagizwa nje, lakini zinakuondolea shida ya muda na ya barabara kwa mpigo mmoja. Damu ijae kiasi hasa kinachotakiwa. Chupa iliyojazwa nusu hutoa RNA yenye uwiano mbaya wa kemikali. Kumbuka pia kwamba chembe sahani zimejaa RNA duara, na damu nzima inazichukua zote.

Maji ya uti wa mgongo yako karibu zaidi na ugonjwa kuliko damu, na miR-150 iliyopatikana humo ikiwa juu kwa wagonjwa wa MS ni miongoni mwa matokeo yenye mantiki nzuri, maana hutoka kwenye limfosaiti. Lakini humpati mtu mwenye afya wa kulinganisha naye kwa njia ya haki, na tone moja la damu wakati wa kuchoma huharibu sampuli. Chukua tu pale daktari anapochoma kwa ajili ya uchunguzi wa mgonjwa mwenyewe, zungusha 400 g dakika 10 ndani ya saa moja, tumia vichupa vya polipropilini, na yenye wekundu iweke kando. Vifuko vya eksosomu vinavutia kwa jina. Kwa maabara isiyo na sentrifuji ya 100,000 g, viache.

Kutoa RNA na kuipima

Kwa plazima, mikrolita 200 huchanganywa na kimiminika chenye fenoli na guanidini. Baada ya dakika 5 ongeza RNA ya mnyoo, cel-miR-39, kiasi kilekile kwa kila sampuli. Isiongezwe kabla: plazima ina vimeng'enya vitakavyoila mara moja, nawe utadhani utoaji umeshindwa. Kisha klorofomu, kisha safu ya kuchujia, na RNA itolewe kwa mikrolita 14 hadi 20 za maji. Usihangaike kupima kiasi kwa spektrofotometa. RNA ya plazima ni chache mno, na namba utakayoipata ni ya fenoli iliyobaki. Tumia ujazo sawa kwa wote.

Hemolisisi hupimwa mara mbili. Kabla ya kutoa RNA, soma plazima kwenye urefu wa mawimbi wa nanomita 414, ikizidi 0.2 itilie shaka. Asubuhi kabla ya kula ndiyo saa nzuri, kwani bakuli la mtori lenye nyama ya mafuta huacha plazima kama maziwa na kupandisha kipimo hicho bila damu kuvunjika. Baada ya PCR, toa Cq (mzunguko ambao mwanga huanza kujitokeza) ya miR-451a kutoka Cq ya miR-23a-3p. Chini ya 5 ni salama, kati ya 5 na 7 ni tahadhari, zaidi ya 7 sampuli iondolewe. Mpaka huo uandikwe kwenye andiko la utafiti kabla ya kuona matokeo, ili mtu asiamue sampuli ya kutoa kwa kutazama upande inaoelemea.

Kwa kunakili RNA kuwa DNA, chagua praima yenye kitanzi, moja kwa kila maikroRNA, kama shabaha zako hazizidi sita. Ina umahususi mzuri. Zikizidi hapo, njia ya kuongeza mkia wa adenini kwa zote mara moja huokoa RNA na fedha. Rudia kila kipimo mara tatu, tofauti isizidi nusu mzunguko. Kinachojitokeza baada ya mzunguko wa 35 usikitumie kama namba. Na hili liseme wazi: miR-155 na miR-326, zilizo maarufu kwenye makovu ya ubongo, ni chache kwenye plazima na mara nyingi hujitokeza mizunguko ya mwisho. Kwa kuanzia miR-150-5p, miR-146a-5p na miR-223-3p hupimika vizuri, na miR-155-5p iongezwe kama ya nne kwa tahadhari.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kipimo cha kulinganishia. U6, RNA ndogo ya kiini inayotumiwa sana kulinganishia, si maikroRNA, na kwenye plazima hubadilika ovyo. miR-16 hupanda na hemolisisi. cel-miR-39 husahihisha upotevu wa kutoa RNA tu, haijui chochote kuhusu mgonjwa. Chukua sampuli 8 hadi 10 kutoka kila kundi, pima maikroRNA sita hadi nane zinazodhaniwa kutulia, ziingize kwenye programu ya geNorm au NormFinder, na tumia wastani wa mbili au tatu zilizotulia kwa wagonjwa wako.

Kwa RNA ndefu, DNAsi, kimeng'enya kinachokata DNA, ni lazima. MALAT1 na NEAT1 hazina introni ya kurukia, kwa hiyo praima haiwezi kutofautisha RNA na DNA iliyobaki. Weka kila mara kisima kisicho na kimeng'enya cha kunakili, na kikiwaka, rudia. RNA yenyewe iwe na RIN, alama ya uzima wa RNA, ya 7 au zaidi.

Kwa RNA duara, praima hutazama nje badala ya kutazamana, ili kipande kipatikane pale tu pete ilipofungwa. Nakili kwa praima za nasibu. Praima ya oligo-dT haishiki kitu, kwani pete haina mkia. Gawa RNA sehemu mbili, moja uitie RNasi R, kimeng'enya kinachokula RNA yenye ncha, yuniti 3 kwa kila mikrogramu, nyuzi 37, dakika 15, nyingine uitendee vivyo hivyo bila kimeng'enya. GAPDH, mRNA ya kawaida isiyo pete, lazima iporomoke mizunguko kadhaa, pete ibaki ilipo. Zote mbili zikiporomoka, umeiacha muda mrefu mno au RNA ilikuwa imekwisha kuharibika. Kipande chako kitazame kwenye jeli ya asilimia 2, na angalau mara moja kisomwe kwa Sanger kuthibitisha kiungo, kwa sababu kimeng'enya cha kunakili huweza kuruka kutoka RNA moja kwenda nyingine na kuunda kiungo ambacho hakipo mwilini.

Kuhusu mashine, PCR ya kawaida inatosha. PCR ya matone huhesabu molekuli moja moja na huvumilia vizuizi, nayo inafaa kwa miR-155 kama ukiipata kwa ushirikiano. Kusoma mfuatano wa RNA ndogo zote kunavutia, ila kwenye plazima yenye hemolisisi hata kidogo miR-486-5p na miR-451a hula sehemu kubwa ya usomaji wako. Vipimo vikifanyika nje ya nchi, anza na kibali cha kamati ya maadili ya chuo, kisha cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na mkataba wa kuhamisha sampuli, miezi mingi kabla. Barafu kavu ihesabiwe kilo 5 hadi 10 kwa kila saa 24 ya safari, na uongeze siku mbili za kukwama. Sampuli iliyo ndani ya fenoli ni bidhaa hatari kwa ndege. RNA iliyosafishwa ndiyo isafiri.

Nani alinganishwe na nani

Wagonjwa wa MS ni wachache kwetu, na hapa hesabu ina nguvu kuliko shauku. Chukulia watu wanatofautiana kwa mizunguko 1.2, na unatafuta tofauti ya mara mbili, yaani mzunguko 1. Kwa shabaha moja, kiwango cha 0.05 na uwezo wa asilimia 80, unahitaji watu 23 kila kundi. Shabaha nne kwa sahihisho la Bonferroni, yaani 0.05 ikigawanywa kwa idadi ya shabaha: 33. Shabaha ishirini: 43. Na kama tofauti halisi ni mara moja na nusu tu, hata shabaha moja inadai watu 66. Ndiyo sababu tunasema nne. Anayepima maikroRNA 84 kwa wagonjwa 12 anatengeneza orodha ya bahati nasibu.

Kundi la kulinganisha lisiwe la watu wenye afya pekee. Swali la daktari wa Moshi si kama huyu anaumwa. Swali ni kama ana MS au NMOSD, ugonjwa wa kingamwili dhidi ya akwaporini-4 zilizotambuliwa mwaka 2004, ambao kwa uwiano huwapata weusi zaidi kuliko weupe, na ambao baadhi ya dawa za MS huuzidisha. Pamoja na hao waweke wenye uvimbe wa uti wa mgongo (mielitisi) kwa sababu nyingine. RNA inayotenganisha MS na mtu mwenye afya lakini haitenganishi MS na NMOSD inapima uvimbe wa kinga tu. Na kila mmoja apimwe VVU, kaswende na vitamini B12, na kifua kikuu kiulizwe kwa makini: miR-155 hupanda kwenye maambukizi mengi, na virusi vya Epstein-Barr, ambavyo vinahusishwa kwa nguvu na kuanza kwa MS, huipandisha ndani ya seli B.

Dawa ziandikwe kwa tarehe na dozi. Methilprednisoloni ya gramu 1 kwa siku 3 hadi 5 huongeza nyutrofili na kupunguza limfosaiti, basi damu nzima inabadilika hata kama hakuna jeni lililobadilika ndani ya seli. GAS5 ina tatizo lake la pekee: hujifanya DNA na kukishika kipokezi cha steroidi, hivyo kuipima baada ya steroidi ni kupima dawa. Natalizumabu, mojawapo ya dawa za MS, hushusha miR-150 kwenye maji ya uti wa mgongo na kuipandisha kwenye plazima. Damu itolewe kabla ya steroidi inapowezekana bila kumchelewesha mgonjwa matibabu. Matibabu hayasubiri utafiti. Siku hiyohiyo fanya na FBP, yaani hesabu kamili ya chembe za damu, ili idadi ya seli iingie kwenye uchambuzi.

Jambo moja la hapa petu ambalo miongozo ya nje haina: vijana wenye afya wanaojitolea ni mara nyingi wapagazi na waongoza watalii. Aliyeshuka jana kutoka kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, ana mwili uliokosa oksijeni na misuli iliyochoka. miR-210 huitikia ukosefu wa oksijeni, miR-1, miR-133a na miR-206 hutoka kwenye misuli. Uliza lini alipanda mara ya mwisho, na kama ni ndani ya wiki mbili, mwombe arudi baadaye.

Kwa hali yako

Sentrifuji iko hatua chache kutoka wodini na wagonjwa wanafika 33: maikroRNA za plazima. Wagonjwa wanatoka Arusha, Same na Karatu kwa siku tofauti, na ufadhili upo: chupa za kihifadhi na pete mbili za ANXA2, huku RNA hiyohiyo ikitunzwa kwa maikroRNA za seli baadaye. Wagonjwa ni 10 na hawataongezeka: usilinganishe makundi, wafuatilie haohao, damu ya kabla ya matibabu, ya mwezi wa 3 na ya mwezi wa 6, kila mtu akijilinganisha na nafsi yake. RNA ndefu zinafaa pale penye mtu mmoja aliyefundishwa Ficoll, chumba chenye kiyoyozi, na swali linalohusu aina moja ya seli, tuseme seli T za CD4.

Hakuna hata moja kati ya vipimo hivi inayothibitisha MS kwa mgonjwa mmoja. Hiyo ni kazi ya MRI, vigezo vya McDonald vya kutambua MS, mikanda ya oligoklonali (alama za kingamwili kwenye maji ya uti wa mgongo) na kipimo cha akwaporini-4. Matokeo ya utafiti yasiingizwe kwenye faili la mgonjwa, na fomu ya ridhaa imweleze hivyo kwa Kiswahili anachokielewa.

Kabla ya mgonjwa wa kwanza, fanya jaribio la siku moja. Watu watano wenye afya, chupa nne za EDTA kila mmoja. Moja izungushwe baada ya nusu saa, nyingine saa 2, nyingine saa 4, na ya mwisho isafirishwe kwa gari mpaka mji wa pili na kurudi. Pima nanomita 414, miR-451a, miR-23a-3p na shabaha zako nne. Chupa ya saa 2 ikitofautiana na ya nusu saa kwa zaidi ya nusu mzunguko, fupisha muda wako. Na hata ile ya nusu saa ikiwa nyekundu kwa zaidi ya mtu mmoja kati ya watano, rudi kwanza kwa mtoa damu, na uanze na sindano na kamba ya mkono.